Barua za Wasomaji: Idi ya Kelantan, Mahame ya Urambo na Mawese ya Bibi

Barua za toleo hili karibu zote zinahusu kurudi kwa wazee. Tumezijibu kwa urefu unaolingana na uzito wa swali, kwa hiyo anayeona jibu lake fupi asinune.

Naenda ukweni Malaysia, nifanyeje nisiaibike?

*Shikamooni wahariri. Mume wangu ni Mmalay, kwao ni kijijini Kelantan. Tunaishi Mwanga hapa Kigoma na watoto wawili ambao hawajawahi kuiona nyumba ya babu yao. Tumepanga kwenda Idi. Nifundisheni adabu za nyumbani kwao, na kama inawezekana nijifunze ketupat hapahapa nisiende mikono mitupu. Yeye mwenyewe alitoka huko mdogo na mengi ameyasahau. — Mama wa wawili, Mwanga*

Marahaba. Tuanze na safari, maana ndipo watu wengi wanapokwama. Kelantan iko kaskazini mashariki mwa rasi ya Malaysia, imepakana na Thailand, na mji wake mkuu ni Kota Bharu. Siku chache kabla ya Idi watu wa Kuala Lumpur huhama kwa mkupuo kwenda vijijini; wenyewe wanaiita *balik kampung*. Tiketi za basi na treni huisha mapema, na barabara ya milimani hufunga kwa foleni. Mkiweza, ndege ya ndani kutoka Kuala Lumpur hadi Kota Bharu ni kama saa moja tu. Kabla ya kuingia nchini jazeni fomu ya kuwasili ya mtandaoni ndani ya siku 3 za mwisho, kila msafiri na yake, watoto wakiwemo. Kadi ya chanjo ya homa ya manjano nayo iwe tayari: chanjo huhesabika halali baada ya siku 10, kwa hiyo mtu asichanjwe wiki ya safari.

Kelantan mapumziko ya wiki ni Ijumaa na Jumamosi, Jumapili ni siku ya kazi. Mvua kubwa za pepo za kaskazini mashariki huanza Novemba, na mafuriko huwa mabaya Desemba na Januari. Kwa bahati Idi ya miaka hii inaangukia Machi kuelekea Februari, maji yakiwa yameshapungua.

Sasa nyumba yenyewe. Nyumba ya asili ya Kimalay ni ya mbao na imesimama juu ya nguzo, sakafu ikiwa juu ya ardhi kiasi cha mtu kuinama akapita chini yake. Nguzo hazichimbiwi: kila moja hukaa juu ya jiwe ili unyevu na mchwa visipande. Mbao huunganishwa kwa ndimi na vigingi, bila misumari, ndiyo maana zamani kijiji kizima kiliweza kuibeba nyumba mabegani kuihamisha. Kelantan utaona pia mapaa ya vigae vyembamba vya udongo.

Kinachokuhusu wewe ni mpangilio. Ukipanda ngazi unafika *serambi*, yaani baraza, na hapo ndipo mgeni hukaa, hasa mwanamume asiye wa nyumba. Ndani ni *rumah ibu*, chumba kikuu. Nyuma kabisa ni *dapur*, jiko, himaya ya wanawake. Viatu vinabaki chini ya ngazi. Mahali pengine bado kuna mtungi wa maji hapo wa kunawia miguu, basi nawa kabla ya kupanda. Watoto wasikae kwenye kizingiti cha mlango. Wewe mkwe usigande barazani ukisubiri kuhudumiwa. Salimia, kaa kidogo, kisha nenda jikoni ukamenye vitunguu. Hilo halina tofauti na Ujiji.

Kusalimiana: unashika mkono wa mzee kwa mikono yako miwili, kwa wepesi bila kukaza, kisha unarudisha mkono wako kifuani. Watoto na vijana wanauinamia mkono wa mzee na kuubusu. Kwa mwanamume asiye maharimu wako inatosha kuweka mkono kifuani na kuinama kidogo. Babu ni *Tok* au *Atuk*, bibi ni *Nenek*, wakubwa wengine ni *Pakcik* na *Makcik*. Jina tupu la mtu mzima halitajwi. Ukipita mbele ya waliokaa, inama na utangulize mkono wa kulia chini. Kitu kinaonyeshwa kwa dole gumba, kidole cha shahada ni utovu wa adabu. Kula ni kwa mkono wa kulia, na chakula kikiletwa onja hata tonge moja.

Asubuhi ya Idi, baada ya sala, familia huzuru makaburi, husoma Yasini na kumwagia makaburi maji. Halafu wadogo huwaendea wakubwa mmoja mmoja kuomba msamaha kwa maneno *maaf zahir dan batin*. Wafundishe wanao sentensi hiyo kabla ya nyingine yoyote. Itawafungulia milango kuliko Kimalay cha kitabuni, kwa sababu lahaja ya Kelantan iko mbali na kile cha redioni na hata watu wa Kuala Lumpur huhangaika kuielewa. Watoto watapewa bahasha zenye pesa kidogo. Wapokee kwa mikono miwili, wasifungue mbele ya mtoaji.

Zawadi: vitenge vizuri vya jozi na kahawa ya Kigoma iliyokwisha kukaangwa. Dagaa, migebuka mikavu na nyama viache nyumbani, maana mazao ya wanyama yanadai vibali na mtaishia kuyaacha uwanja wa ndege.

Tukija kwenye ketupat. Huu ni wali unaopikwa ndani ya kifuko kilichosukwa kwa makuti machanga ya mnazi, yale ya njano yaliyo katikati ya mti. Kila kifuko kinataka kuti mbili zilizoondolewa chelewa. Unazisuka juu-chini kama mkeka hadi zinajifunga mraba wenye ukubwa wa ngumi. Kusuka hakuelezeki vizuri kwenye karatasi. Jizoeze Kigoma kwa tepe za karatasi ngumu, upana sentimita 2 na urefu 60, ukifuata video yoyote nzuri, ili bibi akikuonyesha vidole vyako viwe vimeshaamka.

Mchele uoshwe, uchujwe maji, ujazwe kiasi cha nusu ya kifuko au kuzidi kidogo. Hapo ndipo penye makosa yote mawili. Ukijaza robo tatu na zaidi, mchele unakosa nafasi ya kuvimba, nje unaiva na katikati unabaki kiini kigumu. Ukiweka theluthi, wali unakuwa rojo na kesho yake umechacha. Chemsha kwa saa 4 hadi 5, maji yakifunika vifuko muda wote. Yakipungua ongeza ya moto, usitie ya baridi. Vikiiva tundika vichuruzike. Ukivirundika kwenye bakuli vikiwa na maji, havifiki jioni.

Makuti machanga yakikosekana Kigoma, migomba ipo tele. Tengeneza *lontong*: jani la mgomba lipitishe juu ya moto hadi lilainike na ling'ae, viringisha bomba la upana wa sentimita 5, funga upande mmoja kwa kijiti, jaza mchele hadi kati ya theluthi na nusu, funga upande wa pili, kisha chemsha kama ketupat. Usipolipitisha motoni litapasuka pale unapokunja. Mchele unaochambuka sana haushikani. Chagua unaonata kidogo, na ukiiva uache upoe kabisa kabla ya kukata.

Wali huo huliwa na *rendang*. Kwa kilo 1 ya nyama ya ng'ombe tumia tui la nazi 3, vitunguu maji 3, punje 5 za kitunguu saumu, kipande cha tangawizi cha urefu wa kidole, mabua 3 ya mchaichai yaliyopondwa, na pilipili kavu 10 hadi 15 zilizorowekwa. Saga viungo, vikaange hadi vitoe mafuta, tia nyama na tui, chumvi, sukari kidogo na ukwaju kidogo. Moto mdogo, saa 3 au zaidi, ukikoroga. Tui litakatika na mafuta yatapanda juu. Usishtuke, ndivyo linavyotakiwa, maana nyama humalizia kukaangika ndani ya mafuta hayo. Karibu na mwisho tia *kerisik*, nazi iliyokunwa, ikakaangwa kavu hadi rangi ya kahawia, ikatwangwa ikiwa moto hadi ikatoa mafuta. Vijiko 4 vya kulia vinatosha. Ukiunguza nazi hiyo, chungu chote kinakuwa kichungu na hakuna cha kukiokoa.

Jambo la mwisho, na kwetu ndilo kubwa. Ukifika, usikae na bibi umuulize "zamani mlikuwa mnafanyaje?" Atakujibu maneno mawili. Mpelekee makuti, au mbeleko ya mtoto, au sahani ya tambuu kama ana *tepak sirih* yake, umwombe akufanyie. Mikono ikianza kwenda, maneno yanakuja yenyewe. Babu naye muombeni awaoneshe watoto kuchonga mianzi ya *wau bulan*, tiara kubwa yenye mkia wa umbo la mwezi mchanga na upinde kichwani unaovuma ikiwa angani. Mianzi ipasuliwe sawasawa: ubawa mmoja ukizidi uzito, tiara huzunguka na kuanguka, na mzee ataupima mbele yenu kwa kuuning'iniza kwenye uzi kabla hajagusa karatasi.

Kijiji cha babu hakipo kwenye ramani

*Baba alizaliwa Urambo, akafia Dar es Salaam. Nimefika kijijini kwao mara moja, wakanionyesha shule na zahanati, basi. Nataka kujua walikokaa hasa na ukoo wetu umeanzia wapi. — Mjukuu, Tabora mjini*

Ndugu, huenda ulionyeshwa kijiji sahihi na mahali pasipo. Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970 ilihamisha kaya nyingi kutoka zilikokuwa zimetawanyika na kuzipanga kandokando ya barabara. Makaburi na miembe vilibaki nyuma. Kwa hiyo usiulizie kijiji, ulizia *mahame*. Mwenyekiti kijana hatayajua. Wachungaji na warina asali wanayajua, maana wanapita humo kila siku.

Mahame hujitambulisha. Tafuta miembe mikubwa isiyo na mwenyewe, mstari wa minyaa uliokuwa ua, mawe ya kusagia yaliyolika katikati, vigae vya vyungu, na udongo ulioinuka kidogo pale ukuta ulipoanguka. Nenda mwishoni mwa kiangazi, Septemba au Oktoba, majani yakiwa yameungua. Ukienda Machi hutaona kitu isipokuwa nyasi zilizokuzidi kimo.

Mchukue mzee mmoja mtembee naye, hata kama ni wa kubebwa kwa bodaboda hadi njia inapoishia. Akisimama penye jiwe atakuambia nani alisaga hapo. Barazani angekuambia tu kwamba "walikuwa wengi".

Miaka wazee hawaitaji, lakini matukio wanayashika. Reli ilifika Tabora mwaka 1912. Wabelgiji waliiteka Tabora Septemba 1916. Mradi wa karanga uliingia Urambo mwishoni mwa miaka ya 1940. Kisha ndiyo Operesheni Vijiji. Uliza: "Bibi huyu alizaliwa reli ikiwepo? Karanga zilipokuja alikuwa ameolewa?" Utapata miaka isiyopishana sana na ukweli. Chunga jambo moja: familia nyingi za huko husema zilitokana na mtemi Milambo, aliyefariki mwaka 1884. Kupigana chini yake na kuzaliwa naye ni vitu viwili. Mtu akikuambia hivyo, mwombe akutajie majina ya katikati, mmoja baada ya mwingine.

Waulize wanawake kwanza. Shangazi anajua ndoa, talaka na watoto waliofariki wadogo, mambo ambayo wanaume huyaruka wanapohesabu ukoo.

Kurekodi: simu iwe hali ya ndegeni ili isiite katikati, iwekwe juu ya kitambaa mita moja au pungufu kutoka mdomoni, mbali na kuku na upepo. Mwanzoni taja kwa sauti jina la mzee, mahali na tarehe, na umwombe ruhusa wakati simu inanasa. Usiku huohuo hamisha faili kwenye kadi ya pili. Kadi moja huharibika, na mzee hatazungumza vilevile tena.

Karatasi za herufi za Kiarabu ambazo masheikh hawazielewi

*Babu aliacha sandukuni karatasi za herufi za Kiarabu. Nimempa mwalimu wa madrasa, anasoma lakini anasema si Kiarabu. Tufanye nini? — Ujiji*

Mwalimu yuko sahihi, na inaelekea sana ni Kiswahili. Kabla ya herufi za Kilatini kutawala mashuleni, barua, deni na mirathi katika miji kama Ujiji ziliandikwa hivyo. Wamalay nao walifanya vilevile, maandishi yao huitwa Jawi, ila wao waliongeza herufi sita kwa sauti ambazo Kiarabu hakina, kama *p*, *ch*, *ng* na *ny*, na hadi leo mabango ya maduka Kota Bharu yana Jawi. Waandishi wetu wengi hawakuwa na utaratibu mmoja. Herufi moja ya *ba* inaweza kuwa *b*, *p* au *mb*, na *ghaini* ikabeba *g* na *ng'*. Ndiyo maana msomaji wa Kurani anaitamka bila kuielewa.

Dawa ni watu wawili: mwalimu asome kwa sauti, polepole, na mzee wa Ujiji asikilize akiwa haangalii karatasi. Mzee atayasikia maneno ambayo jicho haliyaoni. Anzeni na majina ya watu na ya mahali, ndiyo funguo.

Karatasi zenyewe msizipige laminesheni, msizigundishe kwa selotepu, msizipake mafuta ili "zing'ae". Laminesheni haitoki tena. Iliyokunjwa na kukauka msiilazimishe kukunjuka, itavunjika kwenye mkunjo. Pigeni picha kivulini mchana, bila flashi, pande zote mbili, rula ikiwa pembeni, kisha kila moja ikae kwenye bahasha ya karatasi, si mfuko wa plastiki unaofungia unyevu. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina mkusanyo wa miswada ya aina hii. Wapelekeeni picha kwanza, sanduku libaki nyumbani.

Malaysia waliiba michikichi yetu?

*Kila uchaguzi tunaambiwa Malaysia walichukua mbegu Kigoma wakatajirika. Ni kweli? Halafu, bibi yangu Kasulu bado anakamua mawese ya kienyeji, nataka nijifunze kabla hajachoka. — Kijana wa Kasulu*

Hadithi ni tamu, ila kumbukumbu zinasema vingine. Miche minne ya michikichi ilipandwa bustani ya Bogor, kisiwani Java, mwaka 1848, ikitokana na mbegu zilizopitia Amsterdam na visiwa vya Bahari ya Hindi. Uzao wake ukaenda Sumatra, na shamba la kwanza la biashara upande wa Malaysia lilipandwa Selangor mwaka 1917. Asili ya mti ni Afrika Magharibi. Kigoma haimo katika njia hiyo. Na bibi wa Kimalay hana mapishi ya kale ya mawese: mafuta yake ya jadi ni ya nazi. Ya bibi yako ni ya zamani zaidi kuliko shamba lolote la huko.

Kazi yenyewe: mkungu unakatwa pale chikichi chache zinapoanza kudondoka zenyewe. Ukiwahi, mafuta ni haba. Ukichelewa, zinaoza mtini. Mikungu ikae siku 2 au 3 chikichi zilegee, zichambuliwe, zichemshwe pipani saa 2 hivi hadi nyama ibonyee kwa kidole. Kuzilaza wiki nzima ili "zilegee vizuri" ndiko kunakoleta mawese ya kuwasha koo, kwa sababu chikichi iliyochubuka huanza kuchacha papo hapo. Kuchemsha ndiko kunakosimamisha uchachu.

Twanga zikiwa moto, kwa uzito wa wastani, kokwa zisivunjike. Toa kokwa, osha makapi kwa maji ya moto, kamua, chemsha tena, engua mafuta yanayopanda juu. Mwisho yachemshe peke yake kwa moto mdogo hadi yaache kupasukapasuka: kelele ile ni maji, na mawese yenye maji hayadumu. Yakitoa moshi umepitiliza, wekundu unapotea na ladha inaharibika. Hifadhi kwenye chombo kikavu kilichojaa hadi shingoni, mbali na jua, kisiwe cha chuma chenye kutu. Yakigandia chini wakati wa baridi hayajachakachuliwa, ni hali yake. Kokwa anika, upasue upate mise, yaani kiini cha ndani, usitupe.

Ukitaka kupanda, usiokote mbegu chini ya mti wa kisasa wa ganda jembamba. Watoto wake hawafanani naye: kama robo hurudi ganda nene na robo nyingine karibu hawazai kabisa. Chukua miche kituo cha utafiti cha Kihinga, panda kwa nafasi ya mita 9 kwa pembetatu, na umwombe bibi akuachie miti yake ya zamani ya kujifunzia kukata.

Bao la Wamalay

*Nimeona sarafu ya Malaysia ina kitu kama bao. Ni bao? — Mcheza kete, Mwanga*

Ndiyo, ni *congkak*, ilikuwa kwenye sarafu ya senti 10 iliyotolewa kuanzia 1989. Bao letu lina mashimo 32 na kete 64. Lao la kawaida lina mashimo 7 kila upande na ghala moja kubwa kila ncha. Kete 98, 7 kila shimo. Ukisambaza unatia moja kwenye ghala lako na kuruka la mpinzani. Kete ya mwisho ikiingia ghalani kwako unacheza tena, ikiangukia shimo lenye kete unaokota na kuendelea, ikiangukia shimo tupu la upande wako unakula zilizo mkabala wake. Hakuna namua (hatua ya kuingiza kete mpya) wala takata (zamu ya kusambaza bila kula), kwa hiyo mcheza bao wa Kigoma atalishika upesi, ila mkono wake utataka kugeuza njia, na huko hairuhusiwi: mzunguko ni mmoja mwanzo hadi mwisho.